Sauti Iliyoita Mara Moja Menengai

Siku moja ya kiangazi naikumbuka, mjukuu wangu, kuliko ninavyoikumbuka siku niliyomwoa nyanya yako, na si kwa sababu ilikuwa njema. Kaa hapo penye mwanga uandike ninavyosema. Usiyapambe maneno yangu. Sikuingia darasani hata siku moja, lakini neno langu likibadilishwa nalitambua, kama ninavyomtambua ng'ombe wangu hata akichanganywa na wa jirani.

Jana uliniambia kwamba hutawasemesha tena wale rafiki zako mliopanda nao mlima Longonot. Ulisema kwamba ulichoka mkiwa mnazunguka ukingo wa shimo lake, ukaketi, nao wakaendelea. Kwamba uliita jina la mmoja wao, hakugeuka, nawe ukanyamaza na kuteremka peke yako mpaka barabarani. Ukasema umewafuta wote katika simu yako. Nilikusikia. Sikujibu papo hapo kwa kuwa si tabia yangu, na pia kwa sababu maneno yako yaliniingia mahali ambapo sikutarajia kuguswa tena katika umri huu. Leo nakujibu. Wewe una jina la nyanya yako, Wairimu, naye aliwahi kuyasikia haya mara moja tu, akaniambia niyatunze hadi atakapopatikana wa kuyatumia.

Tulikuwa vijana watatu: mimi, Kiptoo na Wafula. Miaka ile Wazungu walikuwa wakiuza mashamba na kwenda zao. Shamba tulikozaliwa lilikuwa upande wa Solai, chini ya mgongo wa Menengai. Baba yangu alifanya kazi kwenye mkonge, baba yake Kiptoo alichunga ng'ombe wa maziwa, na baba yake Wafula alikuwa mpishi katika nyumba ya Mzungu mwenyewe. Tuliishi kambi moja, milango ikitazamana, na mama zetu walichota maji katika bomba moja wakigombana na kupatana siku hiyo hiyo. Sisi watatu tulikuwa tumekwisha kutahiriwa, kila mmoja kwa desturi ya kabila lake, kwa hiyo tulijihesabu kuwa wanaume. Lakini kazi za wanaume zilikuwa zimekwisha. Mwenye shamba alikuwa amefunga mizigo, na hakuna aliyejua ni nani angelima msimu ambao ungefuata. Kiangazi kile kilitukuta mikono mitupu, tukawa tunautazama mlima.

Mzungu alipoondoka, ghala lake lilibaki na takataka za kila namna. Humo Wafula alipata mbao mbili, ndefu kumpita mtu, nyembamba, ncha zake zimepinda kwenda juu kama ulimi wa ng'ombe anayelamba pua. Baba yangu aliziangalia akasema ni vipande vya mashine. Baba yake Kiptoo akasema zingefaa mlango wa zizi la ndama. Yule mpishi, baba yake Wafula, akawacheka wote wawili. Alisema kwamba kwa miaka mingi alikuwa akipangusa vumbi kwenye picha iliyotundikwa ukutani, na katika picha hiyo Mzungu, akiwa bado kijana, alikuwa amesimama juu ya mbao hizo hizo katika mlima wa kwao, na chini yake ni weupe mtupu wa barafu. Alisema watu wa huko hushuka mlima wakiwa wamesimama, bila kupiga hatua. Kambi nzima iliona kwamba mpishi amezeeka. Wafula peke yake alimwamini baba yake, nasi tukamwamini Wafula.

Barafu hatukuwa nayo. Tulikuwa na majani yaliyokaushwa na jua na kuliwa na ng'ombe mpaka yakabaki mafupi, yanateleza chini ya mguu kama sakafu iliyopakwa nta. Tulizipaka mbao zile mafuta ya kondoo, tukazifunga kwenye akala zetu, viatu vya matairi, kwa vipande vya mpira wa baiskeli, na aliyekuwa na zamu akasimama mahali penye mteremko akiomba Mungu. Siku za mwanzo hatukushuka; tulianguka tu. Wafula alianguka kwa kelele, Kiptoo alianguka kimyakimya, na mimi nilianguka nikiwa na hasira. Lakini mwili hujifunza hata pale akili isipofundishwa. Baada ya muda tukajua namna ya kukunja magoti, na namna ya kuelekeza ncha za mbao kando mteremko unapozidi.

Wawili waliobaki bila mbao walishuka kwa ngozi. Hili nalo liandike vizuri, kwa kuwa sidhani kama mtu wa umri wako analijua. Ngozi ya ng'ombe iliyokaushwa na manyoya yake ina njia yake. Ukiilaza manyoya chini, shingo ikiwa mbele, manyoya hulala, nayo hukimbia na wewe hata ukajuta. Ukiigeuza mkia uwe mbele, manyoya husimama na kuyashika majani, wala husogei. Kiptoo ndiye aliyetufundisha, kwa kuwa kwao hakukosekana ngozi. Tulipochoka katikati ya mlima tuligeuza ngozi zetu tukaketi juu yake pale pale penye mteremko, tukala viazi vilivyochomwa, bila hofu ya kuporomoka.

Na tulipanda pia. Juu ya Menengai kuna shimo kubwa la volkano, na ukingo wake kwa ndani ni ukuta wa mawe, nasi tuliupanda kwa kamba ya mkonge niliyosokota na baba yangu. Mmoja alitangulia, akafunga kamba kwenye shina la mti lililo imara, wengine wakafuata. Ukifika juu unaliona ziwa la Nakuru upande mmoja, pembezoni mwake pamekuwa rangi ya waridi kwa ndege heroe, na upande mwingine unaiona Solai yote hadi kwenye miteremko ya Subukia. Tulikaa pale tukizungumza upuuzi. Kila zamu yangu ya mbao ilipofika, Wafula alinikumbusha jambo lile lile.

"Gathogo, ukianguka, tafadhali vunja shingo. Shingo ni yako, lakini mbao ni za watu watatu."

Kiptoo alikuwa mtu wa maneno machache, na ukitaka kumchekesha ilikubidi ufanye kazi. Alipocheka, alitazama chini kana kwamba ameiba kitu. Nimeishi na watu wengi tangu wakati ule. Nimeoa, nimezaa, nimekaa kamati za maji na za kanisa, nimezika. Sijapata tena watu ambao nikiwa nao sikuhitaji kuyapima maneno yangu kabla ya kuyasema.

Sasa sikiliza desturi ya mahali pale. Wazee wote wa kambi, wa makabila yote, walituonya juu ya jambo moja kuhusu Menengai. Walisema kwamba zamani, katika vita vya wenyeji, watu wengi walisukumwa kutoka ukingoni wakaangukia ndani, na kwamba wako mle hadi leo. Ukungu unapojaza shimo, wao huita. Humwita mtu kwa jina lake, tena kwa sauti ya mtu anayemjua. Lakini hawana pumzi ya kuita zaidi ya mara moja. Kwa hiyo ukisikia jina lako likitoka kwenye ukungu, funga kinywa chako ungoje. Binadamu aliye hai ataita tena. Sauti isiyorudia si ya mtu, na aliyeijibu huondoka kwa miguu yake mwenyewe akaifuata hadi ukingoni na kupita. Usitabasamu, andika. Mimi sikuambii kwamba ni kweli wala kwamba ni uongo. Nakuambia kwamba tulinyonya jambo hilo pamoja na maziwa, na kwamba hakuna kijana katika kambi ile, hata yule mwenye kiburi kuliko wote, ambaye angelivunja.

Siku ninayoisema, kiangazi kilikuwa kinakaribia mwisho. Mawingu ya mvua yalikuwa yameanza kukaa juu ya milima ya Nyandarua tangu asubuhi, na upepo ulikuwa umegeuka. Tulijua kwamba mvua ikishanyesha, majani yataota na mbao hazitateleza tena. Pia tulijua, ingawa hakuna aliyesema, kwamba shamba lilikuwa limeuzwa na kwamba kila familia ingehama. Kwa hiyo tulitaka kufanya jambo ambalo hatukuwahi kulithubutu: kushuka upande wa ndani. Palikuwa na mahali ambapo udongo uliporomoka miaka iliyopita, majani yakaota juu yake, pakawa kama zulia refu lililotandikwa kutoka ukingoni kwenda ndani ya shimo. Tulikubaliana kwamba mwenye mbao atashuka hadi kwenye vichaka vya kwanza vya leleshwa, asimame hapo, halafu tutamrushia kamba apande.

Zamu ilikuwa yangu. Kiptoo alinifunga mipira miguuni, akaivuta mara ya pili kuhakikisha. Wafula akaniambia maneno yake ya siku zote kuhusu shingo. Nikashuka.

Wairimu, sijui nikuelezeje. Nilikuwa kijana ambaye hakumiliki chochote, hakujua angelala wapi baada ya mwezi ule, na kwa muda ule mfupi sikuwa na uzito. Vichaka vya leleshwa vilinijia, nikaviona vizuri, nikavipita. Sikuweza kusimama, na ukweli ni kwamba sikutaka. Zulia la majani likaisha, mawe meusi yakaanza, ubao wa kushoto ukanasa, nami nikarushwa ndani ya korongo lililokuwa na mvuke unaotoka ardhini. Ubao mmoja ulikatika mpira ukaenda zake. Kifundo cha mguu wangu kiligeuka. Nilipoinua uso kuutafuta ukingo, haukuwapo. Ukungu ulikuwa umeshuka nyuma yangu kama mtu anayefunga mlango.

Nilingoja kidogo nipate pumzi. Kisha nikaita: "Kiptoo."

Naam, niliita kwa nguvu, na sauti yangu ilipanda ukuta ule ikarudi. Kabla ya hapo nilikuwa nikisikia, juu kabisa, kikohozi cha Wafula. Alikuwa na kikohozi cha vumbi kiangazi chote, na ningekitambua popote. Nilipoita, kikohozi kilikatika. Walikuwa wamenisikia. Nilijua kwa hakika kwamba wamenisikia, kisha wamenyamaza.

Sikuwaza hata kidogo kuhusu desturi ya wazee. Mtu aliye ndani ya shimo hajioni kuwa ni sauti. Hujiona kuwa ni yeye, mwenye jina lake na mguu wake unaouma. Haikuniingia akilini kwamba kule juu nilikuwa nimegeuka kuwa kile kitu tulichoonywa tangu utotoni. Nilichowaza ni hiki: wamenisikia, na hawataki. Nikajiambia sitaita mara ya pili kama mbuzi aliyefungwa. Kama ni watu, watakuja. Nikafunga kinywa changu, nikakaa.

Sijawahi kuwa peke yangu namna ile, hata baada ya kumzika nyanya yako. Ukungu haukuwa na mbele wala nyuma. Mvuke ulikuwa ukipumua karibu nami kama mnyama mkubwa aliyelala. Kila nilipofikiri kuita, kitu kilichokuwa kimevimba kifuani mwangu kilikataa. Na katika ukimya ule nikaanza kujiambia maneno ambayo watu wazima walikuwa wameanza kuambiana kambini tangu shamba liuzwe, maneno kuhusu nani ni mwenyeji na nani ni mgeni, nani ataenda na nani atabaki, na ni watu gani hawaaminiki. Kabla ya siku ile niliyasikia maneno hayo kama mtu asikiavyo mvua ya nchi nyingine. Mle shimoni nikayaokota, nikayavaa, yakanitosha.

Ukungu ulipopungua kidogo nilifungua ubao uliobaki mguuni nikauacha, wala sikurudi nilikotoka. Nilitambaa na kupanda kwa upande mwingine, mahali palipokuwa rahisi kwa mtu mwenye mguu mmoja mzima, nikatokea mbali na wenzangu, nikazunguka mgongo wa mlima kwa nje, nikafika nyumbani jua likiwa bado lipo. Mama akanikanda mguu kwa maji ya moto. Nikamwambia kwamba wenzangu wameniacha. Akanipa chai, akasema kwamba watu ni watu tu.

Jioni Kiptoo alikuja. Nilimsikia akiegemeza kitu ukutani. Akaita jina langu, akangoja, akaita tena. Nilimwashiria mama aseme kwamba nimelala. Alipotoka nje kumwambia hivyo, alimkuta kijana amesimama, nguo zimechanika, magoti yana damu, na pembeni yake ubao mmoja. Mama aliniambia hayo aliporudi ndani. Nikamjibu kwamba damu ya magoti hutoka hata kwa mtu aliyeanguka njiani.

Mvua ikaja wiki ile ile. Malori yakaja pia. Familia yake Kiptoo ilipelekwa upande wa Mogotio, kwenye ardhi ya ndugu zao. Mpishi na watu wake wakaenda Kitale. Sisi tukapata kipande hiki hapa Kabazi, mahali unapoketi. Wafula alipita siku ya kuondoka akasema nje ya dirisha, kwa sauti ya mzaha, kwamba shingo yangu ninayo na ubao umebaki mmoja, kwa hiyo tumekosa hesabu. Sikutoka. Alikawia hapo, kisha nikamsikia akikohoa akienda.

Nilikaa na jambo hilo miaka mingi, na halikukaa bure; lilifanya kazi. Mtu akichelewa kunijibu, nilijua ananidharau. Ndugu yangu asipokuja kwangu mara moja, mimi sikwenda kwake mara mbili. Watu wa hapa walisema mimi ni mtu mwenye msimamo, na nilipenda waseme hivyo. Nilipoyasikia yale maneno mabaya ya makabila, katika vipindi vile ambavyo nchi hii huyasema kwa sauti, sikuyachochea, lakini sikuyakataa pia, kwa kuwa nilijiambia kwamba mimi ninao ushahidi wangu.

Kisha siku moja nilikwenda sokoni Nakuru, watoto wangu wakiwa tayari wakubwa, nikaona mwanamke mzee ameketi nyuma ya chupa za asali. Aliniangalia akaniita kwa jina la utoto wangu. Alikuwa mama yake Kiptoo. Nilimsalimu kwa heshima. Akaniuliza habari za mama yangu, nikamwambia tumemzika. Akanipa pole, kama ipasavyo. Halafu akauliza bila kuzunguka.

"Wewe na mwanangu mlikosana nini?"

Nilimwambia. Nilikuwa nimelitunza neno lile muda mrefu kiasi kwamba lilitoka limenyooka: nilianguka Menengai, nikaita, wakanisikia, wakanyamaza.

"Uliita mara ngapi?"

"Mara moja, mama."

Alikuwa ameshika kifuniko cha chupa. Alikiweka chini polepole.

"Gathogo, wewe ulilelewa wapi? Si kambi ile ile? Nani alikuambia mtu aliye hai anaita mara moja?" Akanisogelea. "Kiptoo alilala kifudifudi pale juu akauma mkono wake asikujibu. Wafula alimshikilia miguu. Mwanangu alikuja kuniambia, Mama, ile ilikuwa sauti ya Gathogo kabisa, na ingeita tena ningeruka hata kama ni shetani. Haikuita. Walingoja, walingoja. Ukungu ulipoinuka wakashuka kwa kamba yako, wakakutafuta katika yale mawe hadi wakakata tamaa. Wakapata ubao. Kijana wangu aliubeba kama anayebeba maiti, akauleta kwa mama yako. Na wewe ulikuwa ndani unakunywa chai."

Wanunuzi walikuwa wakipita kati yetu. Alimpimia mtu asali, akampa, akanirudia.

"Ukungu uliondoka siku ile ile. Wewe bado umekaa shimoni."

Mwanamke yule hakusoma, kama mimi. Alinikemea mbele ya watu wauzao vitunguu, mimi mwenye mvi zinazoanza, na sikuona aibu ya watu. Nilikuwa nikisikia tu Kiptoo akiita mlangoni kwetu, akangoja, akaita tena, kama aitavyo mtu aliye hai.

Nilikwenda kwake. Usifikiri sikwenda. Nilimkuta ng'ambo ya Mogotio, mahali pakavu penye mbuzi na miiba, akirekebisha ua. Alinitambua kabla sijasalimu. Akasema, "Umekuja," akaweka panga chini, tukaingia. Mkewe akatuletea chai ya maziwa mengi. Nilimwambia kwamba sikuita tena. Akatazama chini kama alivyozoea, akasema, "Tulingoja." Basi. Jambo lililokaa miaka yote ile lilikwisha kabla chai haijapoa, wala hapakuwa na kinyongo kilichobaki kwake wala kwangu.

Halafu, mjukuu wangu, hatukuwa na la kuzungumza.

Nilimuuliza jina la mkewe. Mke wa mtu ambaye zamani nilijua hata namna anavyokoroma usingizini. Sikuwa nimekula katika harusi yake. Hakuwa amekaa nami nilipofiwa na mtoto wangu wa kwanza, na hakujua kwamba alizaliwa. Tulizungumza habari za mvua na bei ya dawa za mifugo, kama watu waliokutana kwenye foleni. Nilimuuliza kuhusu Wafula, akaniambia alizikwa Kitale zamani, na kwamba yeye alikwenda. Nikatazama nje. Alinisindikiza hadi barabarani, tukashikana mikono kwa muda, naye akarudi kwenye ua wake. Tumesalimiana tangu hapo, kwenye mazishi ya huyu na yule. Siku hizi masikio yake yamekwisha. Nikimpigia simu, mwanawe hupokea, anamwambia kwa sauti kubwa ni nani, kisha ananiambia, "Mzee anasema asante, anasema yuko sawa."

Nikitoka asubuhi kufungua zizi, mgongo wa Menengai nauona kule chini ukiwa na wingu lake. Hakuna mtu aliyebaki ninayeweza kumwambia, unakumbuka. Wewe unaniona nimenyamaza ukafikiri ninasali.

Sasa haya ndiyo ninayokuagiza, na usiniambie "lakini, Guka." Huenda rafiki zako walikuacha kweli kule Longonot. Watu huachana, sitakudanganya. Lakini hujui, kwa sababu uliita mara moja. Upepo wa ukingo ule unaujua mwenyewe. Huenda hawakusikia. Huenda mmoja alisikia akadhani unacheka. Huenda walikuwa wamesimama mahali fulani wakikungoja, wakati wewe ulikuwa ukiteremka umejaa ushahidi. Rudisha majina yao, uwaite tena. Usiwaite ukiwa na hukumu mkononi. Ita kama mtu anayetaka kupatikana. Wakinyamaza mara ya pili, utakuwa umejua, na kujua kuna mwisho. Kutojua hakuna mwisho, hukaa nawe mezani na kula pamoja nawe hadi uzeeni.

Na siku utakayokuwa wewe ndiye uliye juu ukingoni, mwenzako akaita kutoka mahali usipomwona, usingoje arudie. Wazee wetu walitupa sheria ile ili kutulinda, nami siwadharau. Lakini sauti unayoijua, ijibu. Anayeita huenda hana pumzi, au ana kiburi kama changu, na vyote viwili humnyamazisha mtu.

Tena fanya mapema. Sikuambii kwamba msamaha huisha, wangu haukuisha. Nakuambia kwamba siku ambazo mngezikaa pamoja haziwangoji mpatane. Zinakwenda, wala hakuna atakayekurudishia.

Weka kalamu chini sasa. Njoo hapa karibu, fungua kifungo cha juu nikutemee mate ya baraka kifuani, kama baba yangu alivyonitemea nilipohamia kwangu. Mungu wa mlima na wa bonde akupe sauti isiyochoka. Akupe watu watakaokuitikia, na akupe sikio la kuwasikia. Usizeeke ukiwa na maneno mengi na bila mtu wa kuyaambia. Upande, ushuke, ufike, na ukifika, ukute wenzako. Thaai, amani iwe nawe.